Gari la chuo likishuka Msangano, usalama ushuke nalo

Gari lenye nembo ya chuo linasimama mbele ya ofisi ya mtendaji wa kijiji. Anashuka mhadhiri, fundi sanifu wa maabara, na wanafunzi wawili wa shahada ya uzamili. Wanatafuta vijana wanne wanaoyajua vizuri mashamba ya mpunga ya bonde la Msangano: wa kubeba vifaa, kutega panya, kuchota sampuli za maji na kushika ng'ombe wakati wa kutolewa damu. Posho inatajwa, majina yanaandikwa. Kabla ya saa tatu asubuhi vijana wamekunja suruali, wako pekupeku ndani ya majaruba.

Nyumbani mama anashukuru. Posho ya wiki moja itapunguza deni la ada ya mdogo wao. Lakini liko swali ambalo hakuna aliyeliuliza pale ofisini: kijana akiumwa na nyoka, au akijichoma sindano iliyotoka kwa ng'ombe, nani anawajibika?

Huo ni mfano tu, ila familia nyingi za vijijini zitaiona sura yake. Wapo pia wake, waume na watoto wanaobaki mjini wakati mtumishi wa chuo yuko safarini. Nao swali hilo linawahusu.

Kazini ni pale kazi inapofanyika

Watu wengi wakisikia usalama mahali pa kazi hufikiria mgodi, kiwanda au jengo la ghorofa linalojengwa. Chuo kikuu huonekana mahali pa vitabu na viti. Hata ndani ya chuo, wapo wanaodhani wajibu wa mwajiri unaishia kwenye geti.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 haisemi hivyo. Inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa watu walio kazini, atoe mafunzo na vifaa vya kujikinga. Tena inakwenda mbali zaidi: inawalinda pia wasio wafanyakazi dhidi ya hatari zinazotokana na kazi ya wengine. Kwa hiyo mtoto anayechezea sindano iliyosahaulika kando ya zizi naye yumo ndani ya ulinzi huo.

Mhadhiri akiwa jarubani yuko kazini sawasawa na akiwa darasani. Dereva wake yuko kazini. Na kijana aliyeandikwa jina asubuhi ile anafanya kazi ya chuo.

Binti wa miaka 23

Gharama ya kupuuza wajibu huu ilionekana Marekani. Tarehe 29 Desemba 2008, Sheharbano Sangji, msaidizi wa utafiti katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alikuwa akivuta kwa bomba la sindano kemikali inayowaka yenyewe ikigusana na hewa. Bomba likachomoka. Hakuwa amevaa koti la maabara, na moto ulishika nguo zake. Alifariki siku 18 baadaye, akiwa na miaka 23. Alikuwa na miezi michache tu kazini.

Wakaguzi walikitoza chuo faini, wakitaja upungufu wa mafunzo na wa mavazi ya kujikinga. Mwaka 2011 chuo na profesa aliyesimamia maabara hiyo walifunguliwa mashtaka ya jinai, na baadaye yalimalizwa kwa makubaliano. Dada yake Sangji alikuwa mstari wa mbele kudai uwajibikaji.

Ikiwa hayo yalitokea kwenye maabara yenye bomba la maji na kizima moto, shamba la mpunga lililo mbali na hospitali linahitaji maandalizi makubwa zaidi.

Hatari za bondeni

Msangano ni bonde la joto, na kila kazi ina hatari yake. Anayesimama majini pekupeku anaweza kupata kichocho, kwa sababu vijidudu vyake hutoka kwa konokono na kupenya ngozi. Anayeshika panya kwa mikono mitupu anajiweka karibu na homa ya mgunda, inayoenezwa na mkojo wa wanyama. Mlipuko wa Ruangwa mkoani Lindi mwaka 2022 uliua watu watatu. Anayeshika damu au mfuko wa uzazi wa ng'ombe anaweza kuambukizwa brusela, ugonjwa unaotupa mimba za mifugo na kumwachia binadamu homa ya kuja na kuondoka pamoja na maumivu ya viungo.

Nyoka naye yumo majarubani. Aliyeumwa atulizwe, avuliwe pete na bangili, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, kisha apelekwe haraka kituo cha afya. Asichanjwe, jeraha lisinyonywe, wala asifungwe kamba ya kukaza.

Ipo na hatari isiyotajwa kwenye maandiko ya utafiti: barabara. Dereva aliyeamka saa kumi alfajiri, akasubiri juani kutwa nzima, kisha akaambiwa arudi Tunduma usiku, amechoka. Mkuu wa msafara anayempa amri hiyo anahatarisha watu wote walio garini.

Kila mmoja na wajibu wake

Chuo kinapaswa kuzitathmini hatari kabla ya safari na kuziwekea bajeti. Mabuti ya mpira, glavu, chombo kigumu cha kutupia sindano, sanduku la huduma ya kwanza na maji ya kunywa ni sehemu ya utafiti kama ilivyo dodoso. Vifaa hivyo mfanyakazi halipii, wala havikatwi kwenye posho.

Mkuu wa msafara anapaswa kueleza hatari kwa lugha ambayo kila mmoja anaielewa, kujua kituo cha afya kilicho karibu, na kuhakikisha lipo gari la kumkimbiza mgonjwa. Akiona vifaa havitoshi, asimamishe kazi hata kama sampuli hazijatimia.

Mfanyakazi naye ana wajibu. Avae alichopewa, afuate maelekezo, na atoe taarifa ya ajali siku hiyo hiyo, hata kama ni mchubuko. Fundi sanifu anayevua glavu kwa sababu ya joto anamfundisha kijana wa kijijini kwamba glavu si lazima.

Kuhusu fidia, upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015. Michango yake hutolewa na mwajiri peke yake, na mafao yake ni pamoja na matibabu, ulemavu, msaada wa mazishi na malipo kwa wategemezi. Lakini madai huhitaji ushahidi. Jina lililoandikwa kwenye kipande cha karatasi kisha likatupwa haliwezi kumsaidia mama yeyote.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoka nyumbani

Mzazi au mwenzi asione aibu kuuliza. Mwenyeji anayeheshimu mgeni humwuliza atokako na aendako.

Kwanza: Nani mwajiri wake, na makubaliano yameandikwa wapi? Familia ibaki na nakala, hata kwa picha ya simu.

Pili: Atafanya kazi gani hasa, na amepewa vifaa gani?

Tatu: Akiumia, nani atalipia matibabu, na atapelekwa na gari gani?

Nne: Simu ya nani ipigwe ikiwa hajarudi kufikia jioni?

Tano: Kazi ikiisha, akiugua wiki mbili baadaye, amtafute nani?

Swali la tano husahaulika zaidi, kumbe homa ya mgunda, kichocho na brusela havionekani siku ile ile. Kijana akienda kituo cha afya amwambie mhudumu kwamba alishika panya, alishika ng'ombe au alisimama majini. Maelezo hayo yanaweza kumwepusha kutibiwa malaria wiki nzima wakati ugonjwa ni mwingine.

Msafara ukikataa kujibu, malalamiko yaanzie kwa mtendaji wa kijiji na uongozi wa chuo. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, nao una ofisi ya kanda jijini Mbeya.

Utafiti wenye faida kwa wakulima wa mpunga na wafugaji ukaribishwe. Vijana waende, wapate posho na ujuzi. Ila mama anayemfungia mwanawe kiporo alfajiri ana haki ya kuona mabuti ya mpira miguuni mwake kabla gari halijawashwa.