Kopi ya Birmingham, Kopi ya Liuli

Mwaka 1983 vijana wa Birmingham waliojiita UB40, jina walilolitoa kwenye fomu ya serikali ya kuombea posho ya wasio na kazi, walitoa albamu nzima ya nyimbo za watu wengine. Waliiita Labour of Love. Wimbo uliowavusha, Red Red Wine, ulishika namba moja Uingereza mwaka huohuo, na mwaka 1988 ukashika namba moja Marekani. Wao waliujua kupitia kwa Tony Tribe, Mjamaika aliyeuimba kwa rege mwaka 1969. Mtunzi alikuwa ameandikwa N. Diamond tu, wakadhani naye ni Mjamaika. Kumbe ni Neil Diamond, mzaliwa wa Brooklyn, na wimbo wake wa mwaka 1967 haukuwa na rege hata chembe.

Wanamuziki wetu huuita uimbaji huo wa nyimbo za wengine kupiga kopi, na mara nyingi wasikilizaji hulitamka neno hilo kwa dharau. Bendi ikipiga kopi ukumbini Mbinga mjini, hakosekani mtu wa kunong'ona kwamba hawa hawana chao.

Lawama hiyo inashangaza ikitoka Ruvuma. Mganda, ngoma ambayo watu wa mwambao wa Ziwa Nyasa hujivunia kuliko zote, ni kopi tangu kuzaliwa kwake.

Chimbuko lake ni vita. Agosti 1914, pale Liuli, ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen, meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia na kuilemaza meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa meli hiyo ya Wajerumani hakuwa na habari kwamba kuna vita. Mshambuliaji, Rhoades, alikuwa rafiki yake wa kunywa naye. Kilichofuata hakikuwa cha kuchekesha. Wanaume wa pande zote za ziwa walichukuliwa kuwa askari na wapagazi, na waliobahatika kurudi walirudi na gwaride kichwani: mistari iliyonyooka, hatua za pamoja, vyeo, ngoma kubwa na tarumbeta.

Tarumbeta za shaba wangezipata wapi? Walichukua vibuyu, wakavitoboa tundu na kuliziba kwa utando wa buibui. Mtu akiimbia humo, sauti hutoka na mkwaruzo wa tarumbeta. Wakavaa kaptula nyeupe na soksi ndefu, wakapeana vyeo vya kijeshi. Ng'ambo, Malawi, ndugu zao huiita malipenga. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyefundisha Dar es Salaam miaka ya 1960, aliandika kitabu kizima mwaka 1975 kuhusu ngoma ya beni na jamaa zake wa namna hii.

Na bado, hakuna anayeusikia mganda akadhani ni bendi ya King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza. Hicho ndicho kipimo cha kopi. Red Red Wine ya UB40 nayo ina besi nzito na kughani kwa Astro, mmoja wa wanabendi, vitu ambavyo Neil Diamond hakuviweka. Bendi inayoiga hadi kikohozi cha mwimbaji wa kwanza ndiyo ya kulaumiwa, si kila anayeimba wimbo asioutunga.

Kuna upande wa pili, wa pesa na majina. Lord Creator aliimba Kingston Town mwaka 1970, halafu maisha yakampiga hadi akakosa pa kuishi. UB40 waliporudia wimbo huo katika Labour of Love II ya mwaka 1989, mirabaha ilimwezesha kupata nyumba. Linganisha na Malaika. Fadhili William aliurekodi, Miriam Makeba akauimba, Boney M. wakauimba mwaka 1981, na hadi leo watu wanabishana nani hasa aliutunga, wengine wakimtaja Adam Salim. Wimbo umezunguka dunia, mwenyewe akibaki wa kubishaniwa.

Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA, taasisi ya hakimiliki, ipo. Sheria hiyo inagusa hata sanaa za jadi. Lakini sheria haiwezi kumlinda mtunzi asiyejulikana, na nyimbo za mganda na za kioda, ngoma ya akina mama, zina watunzi wanaojulikana vijijini mwao tu. Wageni wa serikali wakipokelewa kwa ngoma, simu kadhaa huinuliwa kurekodi, na video husambaa ikiwa na maneno mawili tu: ngoma ya asili. Ya asili ya nani? Maofisa utamaduni wa Mbinga na Nyasa hawahitaji bajeti kubwa kulijibu hilo. Daftari moja linatosha kuanzia: kikundi, kijiji, mtunzi, mwaka ambao wimbo ulianza kuchezwa. Na washereheshaji, kabla ya kumpisha mkuu wa wilaya jukwaani, wasome majina hayo kwa kipaza sauti.