Godoro la Dereva

Iko kauli moja ambayo nimeisikia mara nyingi kwa wenye magari ya mizigo, na hata kwa watu wasiomiliki baiskeli, nayo ni kwamba dereva wa lori hana haja ya matandiko ya maana. Gari, wanasema, ni mahali pa kazi. Anayetaka godoro akalale kwake. Kauli hii husemwa kwa kicheko, na kwa kuwa husemwa kwa kicheko hakuna anayejisumbua kuijibu. Mimi nitaijibu, maana naiona ni kauli inayoua watu.

Tuitazame kwanza safari yenyewe. Lori litokalo bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda hupita Morogoro, Gairo, Kibaigwa, Dodoma, Manyoni na Singida kabla ya kufika mpakani Rusumo, mwendo wa kilomita zipatazo 1,300. Halipo lori lenye shehena linalomaliza mwendo huo kwa siku moja. Njiani kuna mizani, kuna ukaguzi, kuna foleni, kuna magurudumu kupasuka. Dereva atalala njiani apende asipende, na atalala ndani ya gari kwa sababu mzigo ni amana yake na mafuta ya tangi yana wezi wake. Hata yule anayesubiri kupakia mahindi pale Kibaigwa wakati wa mavuno hujikunja humo humo. Basi kusema kwamba gari si mahali pa kulala ni kukana jambo ambalo kila mpita njia huliona usiku kando ya barabara kuu.

Wako wanaojitetea kwa historia. Wazee wetu, wanasema, walilala chini wala hawakulalamika. Wanaosema hivyo hawaijui historia wanayoitaja. Katika karne ya 19 misafara ya wapagazi iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita katika nchi hii hii ya Ugogo. Mpagazi alibeba mzigo wa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na juu ya mzigo huo alibeba mkeka wake. Msafara uliondoka alfajiri, na mara nyingi ulitua kabla jua halijawa kali, watu wakapata kupumzika. Tena mpagazi aliyekesha alijikwaa peke yake. Dereva wa leo akisinzia ameshika chombo ambacho, pamoja na shehena yake, uzito wake unaweza kufika tani 56, na mbele yake kuna basi lililojaa watoto wa watu.

Wengine husema kwamba dereva akilala vizuri mno atachelewa kuamka. Nimeendesha shule ya bweni kwa miaka mingi, na neno hili nalijua. Mwanafunzi aliyelalia kitanda kilichobonyea huwa wa kwanza kuamka, kwani hakulala. Ifikapo kipindi cha pili kichwa kiko juu ya dawati. Chuoni tulifundishwa kuitazama hali ya mwanafunzi kabla ya kulitazama somo. Kwa dereva, dawati ni usukani. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Australia, Dawson na Reid, walionyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hudhoofika katika utendaji wake kama mtu mwenye asilimia 0.05 ya kilevi katika damu. Tunamkamata dereva aliyekunywa, nasi tuna haki. Yule aliyekeshwa na mbao za kitanda kibovu tunamtakia safari njema.

Hoja ya mwisho ni gharama. Hii haihitaji maneno mengi. Godoro dogo la kutosha ndani ya kichwa cha lori bei yake haifikii bei ya tairi moja la lori hilo. Rahisi huvunja upishi.

Sasa, maadamu nimedai matandiko, yanipasa niseme ni matandiko gani, kwani wapo waajiri wanaotupa kipande cha sponji nyuma ya kiti wakadhani wamemaliza. Godoro la garini lisichaguliwe kwa unene. Dari ya gari iko chini, na godoro nene lililo laini humzamisha mtu kiunoni. Inchi nne za sponji ngumu zinatosha. Jaribio lake ni jepesi: piga goti moja juu ya godoro, ukilisikia goti limegusa ubao, lirudishe dukani. Lilingane na kitanda, maana ukingo unaoning'inia humbingirisha mlalaji. Lifunikwe shuka la pamba. Plastiki hukusanya jasho, na alalaye juu ya jasho huamka na baridi. Godoro la sufi nalo ni zuri, ila hufanya mabonge na linataka kufumuliwa mara kwa mara.

Ama baridi, watu wa pwani hudanganyika na jua letu la mchana. Dodoma iko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,100, na katika Juni na Julai, mbingu ikiwa haina wingu, joto la usiku hushuka hata nyuzi 13 au 14, na upepo juu yake. Bati la gari hupoa upesi. Ubaridi mwingi hutoka chini, kwa hiyo mwenye mablanketi mawili atandike moja chini yake na kujifunika la pili. Awe na mto wa kweli. Koti lililokunjwa huipinda shingo, na shingo iliyopinda haitazami vizuri kioo cha pembeni. Masika ataongeza chandarua. Kioo cha dirisha kiachwe wazi kidogo, ili pumzi zitoke. Wala mtu asiingize jiko la mkaa ndani ya gari lililofungwa, hata kama anatetemeka: hewa ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na anayeivuta usingizini anaweza asiamke tena.

Nimebakiza utingo. Kijana mmoja niliyemfundisha, ambaye alikuwa utingo wa magari ya Burundi, aliniambia kitanda chake kilikuwa maboksi mawili na gunia, chini ya tela, na mvua ikinyesha alipanda juu ya shehena na kujifunika turubai. Huko chini kuna nge, kuna nyoka, na kuna hatari ya gari kusogezwa na mtu asiyejua kuwa mvunguni amelala binadamu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, walisema wahenga. Nasi bidhaa zetu zimefika kwa sababu tumemwinamisha mtoto wa mwenzetu. Kitanda kikiwa kimoja, apewe godoro lake la kutandika juu ya viti. Hakuna ufundi mkubwa hapo.

Jambo hili limezidi uzito tangu mwaka 2023, Serikali ilipoondoa marufuku ya mabasi kusafiri usiku, iliyokuwapo tangu miaka ya 1990. Safari ndefu huwa na madereva wawili, mmoja akiendesha mwingine apumzike. Abiria ana haki ya kuuliza huyo wa pili anapumzikia wapi, na juu ya nini.

Askari wetu barabarani hudai kuona pembetatu na mtungi wa kuzimia moto, na wanafanya vyema. Nawaomba wavute na lile pazia lililo nyuma ya kiti, waliminye godoro kwa mkono. Wakiukuta ubao mtupu, wamwandikie mwenye gari, wala si dereva.