MCHEZAJI AUMIAPO, NI NANI AMTUNZE?

Uwanja ujaapo watazamaji, mchezaji hodari huwa mtoto wa kila mtu. Aangukapo asiinuke, ndipo ijulikanapo ni nani hasa aliyekuwa wake. Hayo yalimfika Maurice Stokes, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani, na twaona yafaa habari zake zikumbukwe na kila mwenye dhamana juu ya watu wanaotumia nguvu za miili yao kwa furaha na faida ya wengine.

Stokes alizaliwa mwaka 1933 katika jimbo la Pennsylvania, akasoma chuo cha Saint Francis mjini Loretto, na mwaka 1955 akajiunga na klabu ya Rochester Royals, iliyohamia Cincinnati mwaka 1957. Alicheza misimu mitatu tu, na katika kila msimu alichaguliwa kuingia mchezo wa nyota wa ligi. Kwa wastani, kila mchezo alifunga pointi 16 na ushei, na kudaka mipira 17 na ushei iliyokosa kikapu. Hayo aliyatenda siku ambazo wachezaji weusi katika ligi ile walikuwa bado wachache.

Tarehe 12 Machi, 1958, mjini Minneapolis, alianguka akajigonga kichwa sakafuni na kupoteza fahamu. Alipozinduka alirudishwa mchezoni, na siku tatu baadaye akacheza tena mjini Detroit. Ndani ya ndege ya kurudi nyumbani hali yake ikageuka ghafla. Akazimia, na fahamu zilipomrudia mwili ulikuwa umepooza na ulimi umefungika. Umri wake ulikuwa miaka 24.

Msimu ulipokwisha, klabu ilimwondoa katika orodha ya mishahara. Aliyesimama ni Jack Twyman, mchezaji mwenzake, mzungu, kijana wa miaka 23. Yeye ndiye aliyekubali kuwa mlezi wake wa kisheria, maana hata akiba ya Stokes iliyokuwa benki haikuwa na mtu wa kuitoa. Alianzisha mchezo wa hisani wa kila kiangazi katika milima ya Catskill, jimbo la New York, walikokuja wachezaji mashuhuri kumchangia mwenzao. Tena alihangaika hadi Stokes akapata fidia ya wafanyakazi kutoka jimbo la Ohio. Alidumu katika ulezi huo miaka 12, mpaka Stokes alipofariki tarehe 6 Aprili, 1970, akiwa na miaka 36.

Wahenga walisema: Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hapana shaka Twyman alistahili kila sifa aliyopewa. Lakini wako wanaoisoma habari hii kama hadithi ya wema, kisha wakafunga kitabu. Sisi tunauliza: je, kama Twyman asingekuwapo? Timu ilikuwa na wenyewe, ligi ilikuwa na wakubwa wake, na tiketi zilikuwa zikiuzwa. Iweje basi mzigo wa mgonjwa umwangukie kijana mwenye familia yake mwenyewe ya kulisha?

Wachezaji wenyewe waliuona upungufu huo. Mwezi wa Januari, 1964, mjini Boston, nyota wa ligi walikataa kuingia uwanjani mpaka walipoahidiwa mpango wa pensheni. Walijua kwamba hisani hutegemea moyo wa mtoaji, ilhali haki huandikwa na hudaiwa.

Mwaka 2004 jina la Stokes liliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo, na mwaka 2013 ligi ilianzisha tuzo ya mchezaji mwenza bora yenye majina ya wote wawili. Heshima hizo ni njema, ila zilimfika Stokes akiwa kaburini miaka mingi.

Kwa mintarafu hiyo, twawasihi wenye mamlaka popote walipo: aliyegonga kichwa asirudishwe uwanjani kabla tabibu hajamwona, bima na fidia viandikwe kabla ya filimbi ya kwanza, na jina la aliyeumia lisifutwe kwa kuwa tu hawezi tena kukimbia. Watu wema kama Twyman ni neema, na neema haina ratiba. Sheria ndiyo yenye wajibu wa kuwapo kila siku.