Baiskeli za umeme zifike Ruaha

Tangu mwaka 2024, treni ya umeme inashusha abiria wilayani Kilosa. Hata hivyo, familia yenye watoto wadogo mara nyingi huiona wilaya hii kupitia dirisha la gari linaloelekea Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Vijiji vya kata ya Ruaha na mashamba ya miwa huachwa kando.

Tunaishauri Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa ielekeze sehemu ya mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi vya vijana vitakavyokodisha baiskeli za umeme kwa familia za wageni. Mota humsaidia mzazi kupanda kilima akiwa amempakia mtoto kwenye kiti cha nyuma. Umeme wa kuchaji betri uko jirani: mitambo ya Kidatu, kwenye Mto Ruaha Mkuu, ina uwezo wa megawati 204.

Usalama utangulie. Baiskeli zisiingie barabara kuu inayokatiza hifadhi ya Mikumi, wala njia za malori ya miwa msimu wa mavuno. Kila mtoto avae kofia ngumu, na kijana mwenyeji aongoze msafara.

Mgeni anayepita taratibu hununua ndizi, hula kwa mama lishe na hulala kijijini. Halmashauri ianze na njia moja, mwaka huu.