Jirani Kwanza, Programu Baadaye

Mwalimu afundishaye mitandao ya kompyuta hushawishika kuwapa wanachuo programu iliyokwisha andikwa, waiendeshe, nao wapate ramani ya vifaa vyote. Kwa maoni yangu, njia hiyo huzaa wachoraji wa ramani wasioweza kuisoma.

Msingi wa jambo hili ni mwepesi. Kwa itifaki ya LLDP, iliyochapishwa na IEEE mwaka 2005, kifaa hujitambulisha kwa jirani kilichoungana naye, kwa kawaida kila sekunde 30. Tangazo hilo halimvuki jirani huyo. Yeye huliweka katika orodha yake, na programu huisoma orodha hiyo kwa itifaki ya SNMP. Basi hakuna kifaa kijuacho mtandao mzima. Programu haina budi kuuliza kifaa baada ya kifaa, ikiweka kumbukumbu ya vile ilivyokwisha kuuliza. La sivyo itazunguka bila kikomo.

Haya yafundishwe kwanza bila ya mashine. Kila mwanachuo amnong'oneze jirani yake jina, naye aliandike karatasini. Kisha muulizaji mmoja apite karatasi hadi karatasi, achore ramani ubaoni. Wawili watatu waagizwe mapema wasijitaje. Hapo darasa litatambua lenyewe kwamba kifaa kisichotumia LLDP hakionekani, ingawa kipo na kinafanya kazi. Fundi asiyelijua hilo ataiamini ramani yenye pengo, akahangaika kutafuta hitilafu kila mahali isipokuwa ndani ya pengo hilo.

Baada ya zoezi hilo, ndipo programu iandikwe.