Rozi si rangi ya wanawake, na Oktoba haiwahusu wao peke yao

Sokoni hapa Kindu, kwenye marundo ya mitumba, kuna jambo ambalo wauzaji wamelizoea hata hawalishangai tena. Mabuti ya mpira ya mtoto, mazima, yasiyo na tundu hata moja, yanalala siku nyingi bila mnunuzi kwa sababu moja tu: ni ya rozi. Baba anayashika, anayageuza, anapima kwa kiganja urefu wa mguu wa mwanawe, anauliza bei, kisha anayarudisha. "Haya ni ya binti," anasema. Mama muuzaji anapunguza franga. Baba anacheka na kwenda zake. Mtoto wake wa kiume ataendelea kwenda masomoni na ndara, matope hadi kwenye vifundo vya miguu, na mvua ya Kindu tunaijua.

Rozi, wengine wanasema pinki, na vitabuni inaitwa rangi ya waridi. Majina ni matatu, hukumu ni moja: ni rangi ya wanawake. Hukumu hiyo tumeipokea bila kuuliza nani aliitoa. Tungeweza kuiacha kama kichekesho cha sokoni, maana jimbo la Maniema lina shida kubwa kuliko rangi ya buti. Lakini tumeingia Oktoba, mwezi ambao dunia nzima inaupaka rozi kwa ajili ya kampeni dhidi ya kansa ya matiti. Utepe wa rozi unabandikwa ukutani, fulana za rozi zinagawiwa, na mwanaume akiiona rangi hiyo mlangoni mwa kituo cha afya anafanya kile kile alichokifanya sokoni. Anageuka. Hapo kichekesho kimekwisha.

Basi tuulize swali lenyewe. Je, rozi ni ya kike kwa asili, kama vile ndevu zilivyo za kiume? Wako watu waliokwenda kulipima jambo hili kwa watoto, na sehemu moja waliyokwenda si mbali na sisi. Mwaka 2021 watafiti walichapisha kazi waliyoifanya kati ya watoto wa jamii nne: Wabayaka wa misitu ya kaskazini mwa Kongo-Brazzaville, Washipibo wa Amazoni nchini Peru, watoto wa vijiji vya kisiwa cha Tanna katika nchi ya Vanuatu, na watoto wa mji wa Brisbane, Australia. Katika Brisbane, wasichana waliipenda rozi kuliko wavulana. Katika zile jamii tatu ambazo watoto hawakulelewa kati ya maduka na televisheni, tofauti hiyo haikuonekana. Mtoto wa kike wa Kibayaka hakuzaliwa na hamu ya rozi, na kaka yake hakuzaliwa na woga wake.

Utafiti mwingine, wa mwaka 2011 huko Marekani, uliangalia watoto wadogo zaidi, wanaoanza kutambaa na kutembea. Kabla ya kufika miaka miwili, wavulana na wasichana walichukua vitu vya rozi karibu sawasawa. Ni baada ya hapo wasichana walianza kuikimbilia rangi hiyo na wavulana wakaanza kuikwepa. Yaani ni umri ule ule ambao mtoto anaanza kuelewa kwamba yeye anaitwa mvulana au msichana, na kwamba watu wanamtazama. Kitu kinachokuja na maziwa ya mama hakihitaji kusubiri miaka miwili.

Hata huko kwa wazungu, tunakodhani rangi hizi zimegawanywa tangu enzi za Adamu, mambo yalikuwa kinyume juzi juzi tu. Mwaka 1918 gazeti la wafanyabiashara wa nguo za watoto wachanga Marekani, Earnshaw's, liliwashauri wenye maduka kwamba rozi ni ya wavulana, kwa sababu ni rangi yenye nguvu, na bluu ni ya wasichana, kwa sababu ni laini. Rozi walikuwa wakiihesabu kama mtoto wa nyekundu, na nyekundu ni damu na vita. Mwaka 1927 jarida la Time lilipokusanya ushauri wa maduka makubwa, lilikuta hayapatani: duka moja la Boston linamvika mvulana rozi, jingine la New York linamvika bluu. Mwanahistoria Jo B. Paoletti ameandika kitabu kizima juu ya safari hiyo, kilichotoka mwaka 2012. Mgawanyo tunaoujua leo ulikaa sawa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na wenye viwanda waliona faida yake upesi: familia yenye mvulana na msichana italazimika kununua kila kitu mara mbili. Nguo za watoto zinazotufikia kwenye mabalo ya mitumba zimekwisha kutengwa huko zilikotoka. Sisi tunanunua nguo, na ndani yake tunapewa hukumu bure.

Kuna anayesema: hayo ni ya wazungu, sisi tuna desturi zetu. Vizuri, tuzungumze desturi zetu. Katika karne ya 19, misafara ya biashara iliyotoka pwani ya Bahari ya Hindi ilibeba shanga. Richard Burton, Mwingereza aliyesafiri na misafara hiyo kati ya 1857 na 1859, aliorodhesha aina zake moja moja. Shanga za rozi zilikuwa kati ya zile zilizotakiwa sana, na alizikuta na majina mawili. Moja ni gulabi, neno la Waajemi na Wahindi linalotokana na ua la waridi. La pili ni maguru ya nzige. Msomaji aliyewahi kumshika nzige na kutazama miguu yake ataelewa mara moja kwa nini. Ilikuwa shanga ya biashara, na huku bara wanaume walizivaa shanga shingoni na mikononi kama wanawake walivyozivaa. Katika majina yote mawili hakuna hata harufu ya neno "mwanamke". Biashara hiyo hiyo, miaka michache baadaye, ilifika Nyangwe na Kasongo, ikaleta pembe za ndovu kwa upande mmoja na damu ya watu kwa upande wa pili. Hatuisifii. Tunasema tu kwamba anayetafuta desturi ya wazee wetu kuhusu rozi ataikuta kwenye mguu wa nzige.

Na leo? Waumini Wakatoliki wa Kindu wanajua kwamba Kanisa lina rangi ya rozi kwa Jumapili mbili za mwaka: ile ya tatu ya Majilio na ile ya nne ya Kwaresima. Padre anaruhusiwa kutoka sakristia na kasula ya rozi mbele ya umati mzima. Hatujasikia mtu akicheka kwenye benchi.

Tuvuke mto hadi Brazzaville. Mwaka 2009 mpiga picha Mwitaliano Daniele Tamagni alitoa kitabu cha picha za Wasapeur wa mtaa wa Bacongo. Kwenye jalada anatembea mwanaume mwenye suti ya rozi kuanzia koti hadi suruali, kofia nyekundu kichwani na sigara kubwa mdomoni, katikati ya barabara yenye vumbi, watoto wakimtazama. Mshonaji mashuhuri wa London, Paul Smith, aliiona picha hiyo na akatengeneza mavazi ya msimu mzima akifuata nyayo za Bacongo. Huku kwetu Kongo, tangu zama za Papa Wemba, Sape imekuwa shule ya wanaume ya kuvaa bila kuomba ruhusa. Vijana wetu wa Kindu wanaojipamba Jumapili kwa viatu vinavyong'aa ni wanafunzi wa shule hiyo, wakijua au wasijue. Hao hao watakataa mfuko wa rozi wa kubebea daftari. Nani atueleze hesabu hiyo?

Mfano unaotugusa zaidi uko ng'ambo ya mpaka. Nchini Rwanda, wafungwa wamevaa sare za rozi kwa miaka mingi, na wengi wao walikuwa wanaume waliofungwa kwa mauaji ya kimbari ya 1994. Aliyewaona wakipita kwenda kufanya kazi za shamba hakuwaza habari za wanawake. Aliwaza gereza, na labda aliwaza ndugu zake waliokufa. Sasa tazama Marekani: katika jimbo la Arizona, Joe Arpaio, mkuu wa polisi wa Maricopa kuanzia 1993 hadi 2016, alijulikana dunia nzima kwa kuwavika wafungwa wanaume nguo za ndani za rozi, na mahabusu wake waliiona kama aibu ya kuwashusha uanaume. Rangi moja, wafungwa wanaume pande zote mbili. Ingekuwa rozi ina uke ndani yake kama chumvi ilivyo ndani ya bahari, ingeleta aibu ile ile Kigali na Arizona.

Hatusemi wasichana waache kuipenda. Binti anayetaka kikwembe cha rozi avae, ampendeze mama yake na apendeze barabara nzima. Wala hatumlazimishi baba yeyote ampeleke mwanawe shuleni akiwa amevaa rozi tangu kichwa hadi unyayo, maana tunawajua watoto wenzake, na tunaijua midomo yao. Tunasema yule baba wa sokoni alikuwa na haki ya kuchagua, lakini aliyemchagulia hakuwa yeye wala babu yake. Alikuwa mfanyabiashara wa nguo wa mbali ambaye hakuwahi kusikia jina la Kindu.

Sasa turudi Oktoba. Utepe wa rozi wenyewe haukuwa wa rozi mwanzoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mama mmoja wa Marekani, Charlotte Haley, alikuwa akitengeneza kwa mkono tepe za rangi ya machungwa mepesi, akizigawa kudai fedha zaidi za kuzuia kansa ya matiti. Mwaka 1992 jarida moja na kampuni moja ya vipodozi walitaka kuuchukua utepe wake, akakataa kwa kuogopa biashara. Wakabadilisha rangi, wakachagua rozi. Ndivyo rozi ilivyofika kwenye kuta za vituo vyetu vya afya: ilikuwa chaguo la pili, lililopitia mezani kwa wauza manukato.

Kampeni hiyo imeokoa maisha, na hatuna neno baya kwa wauguzi wanaoifanya hapa kwa mikono mitupu. Lakini rangi imefanya kazi ambayo haikutumwa. Imewaambia wanaume kwamba jambo hili haliwahusu.

Linawahusu mara mbili. Kwanza, kwa sababu mwanaume naye ana titi, na kansa hii inampata. Ni mmoja kati ya wagonjwa mia, au chini kidogo. Ni wachache, ndiyo, lakini wachache hao mara nyingi wanachelewa kufika hospitali, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba uvimbe mgumu nyuma ya chuchu, chuchu inayoingia ndani, au damu inayotoka hapo, si jambo la kufichwa chini ya shati. Fikiria mwanaume wa kijiji akiamua kwenda kuuliza, anakuta mlango umepakwa rozi na picha ya mwanamke juu yake. Atasema nini kwa muuguzi? Atasema amekuja kwa malaria.

Pili, na hapa ndipo penye watu wengi zaidi, kwa sababu ya nani anashika franga nyumbani. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 wanawake karibu 670,000 walikufa kwa kansa ya matiti duniani. Ugonjwa huu ukigunduliwa mapema unatibika kuliko watu wengi wanavyodhani. Ukigunduliwa ukiwa umechelewa, hata hospitali zenye mashine zote zinashindwa. Mama wa Alunguli aliyegusa uvimbe usiouma anahitaji kuvuka mto kwa mtumbwi, kulipa vipimo, na pengine kulipa ndege hadi Kisangani au Kinshasa, maana barabara zetu tunazijua. Katika nyumba nyingi uamuzi huo hautoki bila mume. Na mume hakuambiwa kitu. Siku ya mafunzo aliona fulana za rozi, akasema, "Waende wamama." Mke akirudi na kusema kuna uvimbe, anamjibu kwamba kama hauumi, si ugonjwa. Kwa kansa hii, kutouma mwanzoni ndiyo tabia yake.

Kwa hiyo tunaomba mambo machache kwa wakuu wa afya wa jimbo, kwa mashirika na kwa viongozi wa dini, na tunayaomba kwa Oktoba hii, siyo ile ijayo. Mafunzo yatoke uani mwa kituo cha afya yafike penye wanaume: kwenye bandari ya mitumbwi, kwenye vituo vya wamotari vya Kasuku na Mikelenge, kituo cha treni, uwanja wa mpira baada ya mechi, msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Muuguzi mwanaume asimame aonyeshe kwenye kifua chake mwenyewe jinsi ya kujipima. Fulana za rozi zikiwepo, zigawiwe kwa wamotari kwanza, wazunguke nazo mji mzima. Na lile tangazo la redio ambalo kila mwaka linaanza na "wapendwa mama", safari hii lianze na "wapendwa mama na papa".