Mwelekeo wa Mwamba Usipotoshwe

Vijana wa Rukuba, na wenzao wa Ukerewe wanaovuka kwa kivuko cha Rugezi na Kisorya, huacha nyavu wakaenda kutafuta dhahabu Buhemba, Kiabakari na Kinyambwiga. Wengine humaliza akiba yao yote katika duara moja. Ni haki yao kuambiwa kwa usahihi mshipa unaelekea wapi na unainama kwa kiasi gani.

Miamba ya Musoma, Butiama na Bunda ina umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500, nayo imekunjwa na kuvunjika mara nyingi. Mtaalamu huupima mwelekeo wake kwa dira. Lakini dira huonyesha kaskazini ya sumaku, ambayo si kaskazini ya ramani, na ambayo huhama mwaka hadi mwaka. Tena katika mkoa wetu ipo miamba yenye chuma kingi, ambayo huivuta sindano kando. Uchorongaji nao una mashaka yake: mche wa mwamba huzunguka ndani ya bomba unapotolewa, hivyo hauna budi kutiwa alama ya upande wa chini, kisha vipimo vyake vizungushwe kwa hesabu kufuata mwelekeo na mwinamo wa shimo.

Siku hizi hesabu hiyo hufanywa na programu za kompyuta kwa dakika chache, na baadhi yake hupatikana bila malipo. Hatuzipingi hata kidogo. Tunachokipinga ni namba isiyojulikana ilikotoka. Programu haijui kama vipimo ilivyopewa vimekwisha kusahihishwa. Akija mtumishi wa pili akavisahihisha tena, huzidisha kosa huku akiamini amelifuta. Alama ya chini ikitiwa juu, mche mzima umegeuka nyuzi 180. Wala asiseme mtu kwamba kosa dogo si kitu: nyuzi 5 tu, katika umbali wa mita 200, humpeleka mchimbaji kando kwa mita 17 hivi, na mshipa wenyewe huenda una upana wa hatua moja.

Hasara hiyo haimfikii aliyeketi mbele ya kompyuta. Humfikia aliyeuza mtumbwi.

Kwa hiyo tunaziomba ofisi za madini mkoani, pamoja na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania iliyoko Dodoma, zihakikishe kwamba kila kipimo kinabaki na namba yake ya kwanza, tarehe, kaskazini iliyotumika na sahihisho lililofanywa, na kwamba wenye leseni ndogo wanasomewa hayo kwa Kiswahili. Na madaftari ya porini yasitupwe eti kwa sababu namba zimekwisha kuingizwa katika kompyuta. Yale yasiyotaja mwaka dira iliposomwa, waulizwe wastaafu walioyaandika wangali hai.